Dalili ya mvua ni mawingu: Jinsi chuma cha shimoni kinavyotoa taarifa kabla ya kufa

Na Mwandishi Maalumu, Gisenyi

MWEZI Mei mwaka 2023 nilikuwa nimesimama Grande Barrière, hapa Gisenyi, nikimsubiri ndugu yangu avuke kutoka Goma. Mbele ya foleni ya magari lilikuwepo lori lililobeba kompresa, mabomba marefu ya chuma na sanduku la mbao lililofungwa kwa waya. Afisa wa forodha alikuwa amelifungua sanduku hilo. Ndani hapakuwa na vitenge wala sabuni. Kulikuwa na vichwa sita vya chuma, vizito na vichafu, kila kimoja kikiwa na vifundo vya mviringo vilivyojaa usoni kama upele.

Afisa akauliza swali fupi: hivi ni vifaa vya kazi au ni chuma chakavu?

Kwa wasomaji wanaofanya biashara mpakani, sina haja ya kueleza uzito wa swali hilo. Kifaa cha kazi kina bei yake kwenye karatasi, na chakavu nacho kina bei yake. Ukikosea, utalala hapo hapo.

Kijana mwenye mzigo akageuka, akaniona. "Shikamoo, Mwalimu!" Nilimfundisha hesabu miaka mingi iliyopita, na yeye pia ni mtoto wa watu waliorudi kutoka Tanzania. Sasa anafanya kazi na wachimbaji wa visima vya maji. Alichukua rula ya chuma mfukoni, akaiweka juu ya kifundo kimoja.

"Angalia, mheshimiwa," alimwambia afisa. "Kifundo hiki kina upana wa milimita 14. Juu kimelika na kuwa bapa kwa milimita 4. Bapa likiwa chini ya theluthi ya upana, tunakinoa na kinarudi kazini. Hiki kingine bapa lake ni milimita 9. Hicho kimekwisha."

Akapima vyote sita. Vinne vikaandikwa vifaa vya kazi, viwili vikaandikwa chakavu. Foleni ikasogea.

Nikafurahi kuona hesabu ya sehemu, ambayo wanafunzi huichukia sana, imemvusha mtu mpakani. Lakini swali likanibaki kichwani, nami nikamuuliza: hapa mezani una rula na mwanga wa jua, kichwa hiki kikiwa mita mia moja chini ya ardhi, unajuaje kwamba kimelika?

Akacheka kidogo. "Mwalimu, hapo ndipo tunapolia."

Usiku wa kisima kilichogoma

Akanisimulia kilichompata akiwa kazini katika kisima kimoja, ambacho sitakitaja mahali pake wala kampuni yake. Walikuwa wanachimba kwenye mwamba wa volkano, ule mweusi mgumu ambao kila mkazi wa Goma na Gisenyi anaujua. Walitumia nyundo ya shimoni, yaani mtambo unaoshushwa ndani ya shimo pamoja na kichwa chenye vifundo. Kompresa inasukuma hewa kupitia mabomba, hewa inaipiga pistoni, pistoni inakipiga kichwa, nacho kinaponda mwamba. Hewa hiyo hiyo inapuliza vumbi la mwamba hadi juu.

Walipofika mita 70 hivi kasi ikapungua. Msimamizi akasema mwamba umekuwa mgumu, tuendelee. Lakini mshale wa presha ya hewa ulikuwa unashuka kidogo kidogo tangu saa sita mchana. Kila mtu aliuona, hakuna aliyeandika. Usiku shina la kichwa likakatika, na uso wote wenye vifundo ukabaki chini.

Wachimbaji wana neno lao kwa kazi inayofuata: wanaiita kuvua, kama wavuvi wa Ziwa Kivu. Unashusha ndoana au kikombe cha chuma kwenye giza, unajaribu kunasa kitu usichokiona. Walivua siku mbili. Wakashindwa. Wakauhamisha mtambo mita chache pembeni na kuanza upya, huku akina mama na madumu yao wakiwa wamekaa chini wanatazama.

"Ule mshale ulitwambia, Mwalimu," alisema. "Ulitwambia tangu mchana."

Pampu ya Karagwe

Maneno hayo yalinirudisha mbali. Mimi nilisomea uhamishoni, katika kijiji kimoja wilayani Karagwe, mkoa wa Kagera. Shule yetu ilikuwa karibu na kisima chenye pampu ya mkono. Mwalimu wetu wa Sayansi hakuwa na maabara, kwa hiyo aliifanya ile pampu kuwa maabara.

Alitupa kazi mbili za kila asubuhi. Kwanza, kuhesabu mara ngapi tunasukuma mpini kabla maji hayajatoka. Pili, kuhesabu mara ngapi tunasukuma hadi ndoo moja ijae. Namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari.

Tukauliza kwa nini namba mbili. Akatueleza kwamba chini kabisa kuna vali inayozuia maji yasirudi kisimani, na juu yake kuna pistoni yenye kizibo cha ngozi kinachoyanyanyua maji. Vali ikianza kuvuja, maji hurudi chini usiku, na asubuhi mtasukuma sana kabla hayajafika juu. Kizibo kikilika, maji yatafika, lakini kila msukumo utaleta kidogo, na ndoo itachelewa kujaa. Hamwezi kuingia humo ndani, alisema, lakini mikono yenu inaweza.

Tulipoanza, ndoo ilijaa kwa misukumo 30. Baada ya miezi kadhaa ikawa 38, kisha 47. Nilikuwa mtunza daftari, nikampelekea mzee mmoja wa kamati ya maji. Aliitazama namba, akaniambia, "Mwanangu, maji si yanatoka?" Kuifungua pampu kulimaanisha siku nzima bila maji, na foleni ilikuwa ndefu. Hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyeifunga.

Pampu ikafa katikati ya kiangazi. Dada yangu aliacha shule kwa wiki nyingi kwa sababu mtoni kulikuwa mbali na nyumbani walihitaji mabega yake. Alirudi darasani, lakini hakuwafikia tena wenzake.

Mita 3,000 chini ya Karisimbi

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya visima vya kijijini. La. Ndiyo kazi kubwa ya kila anayechimba kwa kina, na jirani yetu tumewahi kuwa nayo.

Sote tunajua chini yetu kuna moto. Nyamyumba, kando ya ziwa hapa Rubavu, maji ya moto yanatoka yenyewe ardhini. Ndiyo maana mwaka 2013 Serikali ya Rwanda ilichimba kutafuta jotoardhi kwenye miteremko ya Karisimbi, ili mvuke uzalishe umeme. Kazi ilifanywa na kampuni ya China, Great Wall Drilling. Kisima cha kwanza kilifika mita 3,015. Cha pili kilisimamishwa kwenye mita 1,367. Joto lililotarajiwa halikupatikana. Hilo halikuwa kosa la vifaa. Mlima wenyewe ulikataa. Lakini hesabu ya kina hicho inatufundisha.

Bomba moja la kuchimbia lina urefu wa mita 9 hivi. Mita 3,000 ni mabomba zaidi ya 330 yaliyounganishwa, na kichwa kiko mwisho wa msururu huo. Ukitaka kukitazama kwa macho ni lazima uyatoe yote. Wataalamu hukadiria saa moja kwa kila mita 300. Basi ni saa 10 kupandisha na saa 10 kushusha kichwa kipya. Karibu siku nzima imekwenda, na mtambo wa kukodi unalipwa kwa siku, uwe unachimba au umesimama.

Sasa fikiria wewe ndiye msimamizi. Ukitoa kichwa ambacho bado ni kizima, umetupa siku. Ukichelewa, vipande vinabaki chini na unaanza kuvua. Wanapokitoa hukipa alama kutoka 0 hadi 8: sifuri ni meno mapya, nane ni meno yamekwisha kabisa. Kipimo hicho kinatumika duniani kote. Shida ni kwamba alama hiyo inatolewa kichwa kikiwa kimeshafika juu. Ufundi ni kuijua kabla.

Kipimo kimoja ni shahidi mmoja

Kwa hiyo mtambo wa kisasa umefungwa vihisio, yaani vifaa vidogo vinavyopima na kutuma namba kwenye skrini bila kuchoka. Kimoja kinapima uzito unaoning'inia kwenye kamba ya mtambo, ili ijulikane ni uzito kiasi gani unakandamiza kichwa. Kingine kinapima nguvu inayohitajika kuyazungusha mabomba. Kingine kinahesabu mizunguko kwa dakika, kingine kasi ya kuzama. Vingine vinapima presha ya tope la kuchimbia linalosukumwa kupitia mabomba, mapigo ya pampu, na joto la tope linaloingia na linalotoka.

Hakuna hata kimoja kinachopima kuchakaa. Kuchakaa kunasomwa katikati yao.

Wanaosukuma chukudu mitaani Goma wanaielewa sayansi hii bila kitabu. Ukienda polepole, huenda ni kwa sababu barabara imepanda, au mzigo umeongezeka, au beringi za magurudumu zimekula. Kasi peke yake haikwambii ni lipi. Lakini kama mzigo ni uleule, barabara ni ileile tambarare, na bado unasukuma zaidi huku unakwenda kidogo, acha kuilaumu barabara. Inama uangalie gurudumu.

Shimoni ni hivyo hivyo. Kasi ikipungua, wa kwanza kuulizwa ni mwamba. Mtaalamu wa miamba anachukua vipande vinavyopanda na tope na kuvitazama. Kama mwamba umebadilika, huenda kichwa hakina kosa. Kama mwamba ni uleule, uzito ni uleule, na nguvu ya kuzungusha imepungua pamoja na kasi, basi huenda meno yamekuwa bapa na yanateleza badala ya kuuma. Kama nguvu ya kuzungusha inapanda na kurukaruka, basi beringi za zile koni zinazobeba meno zinaweza kuwa zinashika, na koni moja inaweza kudondoka. Kama pampu inapiga mapigo yaleyale lakini presha inashuka polepole, huenda kuna tundu kwenye bomba, na tope linaendelea kulipanua hadi bomba likatike.

Mwaka 1965 mtafiti wa Uingereza, R. Teale, aliunganisha mashahidi hao katika hesabu moja: ni nguvu kiasi gani inatumika kuvunja kiasi fulani cha mwamba. Namba hiyo ikipanda na mwamba haujabadilika, nguvu inapotea mahali. Mfanyabiashara wa mpakani angeiita gharama kwa gunia. Kama jana ulivusha magunia kumi kwa fedha fulani, na leo fedha hiyo imevusha saba ya ukubwa uleule, huwezi kuyauliza magunia.

Kijana wangu wa Grande Barrière anayo jedwali lake kwenye daftari, kwa ajili ya nyundo ya hewa. Kasi imeshuka, presha imebaki, vumbi limebadilika rangi: mwamba. Kasi imeshuka, presha imebaki, vumbi ni lilelile ila limekuwa laini zaidi: vifundo vimelika. Kasi imeshuka na presha imeshuka, kompresa ni nzima: nyundo yenyewe imelika ndani, hewa inapita pembeni. Siku ile ya kisima kilichogoma ilikuwa mstari wa tatu, nao waliusoma kama mstari wa kwanza.

Barua kupitia tope

Je, kwa nini wasiweke vihisio chini kabisa, karibu na kichwa? Wanaweka. Viko vinavyopima mtetemo, uzito, mzunguko na joto hapo hapo kazi inapofanyika. Lakini taarifa itapandaje kilomita tatu za chuma na mwamba? Waya hukatika mabomba yanapozunguka, na simu haina mtandao huko.

Njia iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ni ya kushangaza kwa urahisi wake. Vali ndogo iliyo chini hubana tope kwa muda mfupi na kuliachia, hubana na kuliachia. Kila mbano hupandisha presha kidogo, na mshituko huo husafiri ndani ya tope hadi juu, ambako kihisio huusoma kama mtu anayesikia mlango unagongwa kwa mpangilio. Wazee walisema la mgambo likilia lina jambo. Mgambo huu hulia polepole, herufi chache kwa sekunde, kwa hiyo chini huchaguliwa lipi litumwe na lipi lisubiri.

Katika ukanda wetu kuna kizuizi kingine, nacho ni joto. Vifaa vya kawaida vya aina hiyo huvumilia nyuzi 150 za Selsiasi, vya gharama zaidi karibu nyuzi 175. Olkaria, karibu na Naivasha, ambako Kenya ilianza kuchimba visima vya majaribio katika miaka ya 1950 na kuwasha mtambo wa kwanza wa umeme wa megawati 15 mwaka 1981, chini kuna zaidi ya nyuzi 300. Menengai, juu ya mji wa Nakuru, baadhi ya visima vilikutana na mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha takriban kilomita 2. Isitoshe, miamba ya huko ina nyufa zinazomeza tope, hivyo wachimbaji hutumia maji yaliyochanganywa na hewa na povu. Ndani ya povu ule mgongo wa mlango hufifia na kupotea.

Kwa sababu hiyo, katika visima vya mvuke fundi hutegemea zaidi vihisio vya juu, na daftari la visima vilivyotangulia. Kenya imepata ujuzi huo kwa miaka mingi, kiasi kwamba wachimbaji wa kampuni yake ya umeme, KenGen, wamekwenda kuchimba Ethiopia na Jibuti. Huo ni mzigo usiolipiwa ushuru mpakani: kijana anavuka akiwa nao kichwani.

Kihisio bila msikilizaji

Hapa nataka tusimame kidogo, maana kuna jambo linalotugusa wakazi wa Gisenyi na Goma moja kwa moja. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, nasi tukalala nje siku kadhaa huku ardhi ikipasuka katikati ya mji. Goma kuna kituo cha uchunguzi wa volkano chenye vihisio. Lakini baada ya mradi uliokuwa ukikisaidia kumalizika mwaka 2020, kituo kilipitia miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea taarifa kutoka vituo vya mbali. Sisemi kwamba intaneti ingeuzuia mlima. Nasema kihisio kisichosikilizwa ni chuma tu kilichozikwa.

Kinyume chake pia kimeonekana. Huko Kyuso, nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mpini wa pampu za mkono kifaa kidogo kinachohisi mwendo na kutuma ujumbe wa simu. Pampu 66 zilifuatiliwa, na mafundi wakapewa taarifa. Muda wa kukaa bila maji pampu inapoharibika ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Baadaye watafiti hao waliendelea Kwale, pwani, wakisoma mtetemo wa mpini kutafuta dalili za pampu inayokaribia kufa.

Hapa kwetu Rwanda jaribio kama hilo, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha kwamba penye utaratibu wa kawaida matengenezo yalichukua siku 152 hivi. Penye vihisio na fundi aliye tayari kutoka mara anapoitwa, yalichukua siku 21 hivi, na karibu asilimia 91 ya pampu zilikuwa zinafanya kazi.

Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka mwalimu wetu wa Karagwe. Kifaa kile kinafanya kazi aliyotupa sisi watoto. Tofauti ni kwamba namba zake zinakwenda kwa mtu mwenye spana, ambaye ameajiriwa ili aondoke.

Tufanye nini?

Wengi wetu tuliorudi tumechangia visima: vya shule, vya kanisa, vya msikiti, vya ushirika wa soko. Tunatoa fedha, tunapiga picha siku ya uzinduzi, basi. Naomba tuongeze mambo mawili.

La kwanza, kabla ya kumlipa mchimbaji, mwombe daftari la kisima. Liwe na kasi kwa kila bomba, presha, rangi ya vumbi, na kipenyo cha kichwa kilipoingia na kilipotoka. Kipenyo ni muhimu, kwa sababu kichwa kilicholika pembeni huacha shimo jembamba, na kipya kinachofuata hukwama humo. Mchimbaji asiye na daftari anachimba kwa bahati, na bahati hiyo ni fedha yako.

La pili, maji yakishapatikana, wape watoto daftari. Wahesabu misukumo hadi maji yatoke, na misukumo hadi ndoo ijae. Kisha, na hili ndilo gumu, kamati ikubaliane mapema, siku ambayo pampu ni nzima na hakuna foleni: ikifika namba fulani, tunaifunga siku moja na kubadilisha kizibo. Uamuzi huo usisubiri kiangazi, kwa sababu siku ya kiangazi hakuna mzee atakayekuwa na ujasiri wa kuifunga.

Yule kijana nimeonana naye tena tangu siku ile ya forodha. Aliniambia kwamba sasa wanaandika presha kila baada ya mita tatu, na kwamba siku moja aliitoa nyundo mchana kweupe huku wenye kisima wakinung'unika kuwa wanapotezewa muda. Alipoifungua, ndani pistoni ilikuwa imekula. Akabadilisha, akaishusha, wakaendelea hadi maji.

"Walikushukuru?" nilimuuliza.

"Hapana, Mwalimu. Hawakujua kuna kitu kilikuwa kinataka kutokea."

Nikamwambia hiyo ndiyo hali ya kazi hiyo. Mimi nilikuwa na 47 kwenye daftari langu, na laiti ningepiga kelele zaidi mbele ya yule mzee, huenda leo dada yangu angekuwa mwalimu kama mimi.